Kumaliza Mchezo, Kukimaliza Kisiwa

Kitenzi kumaliza kina nyuso mbili katika Kiswahili. Mtu humaliza kazi, humaliza kitabu, humaliza deni, na hapo neno linabeba sifa ya utimilifu. Lakini maradhi nayo hummaliza mtu, ukame huwamaliza ng'ombe, na adui akiapa kukumaliza huhitaji kamusi ili umwelewe. Kiambishi kidogo cha mtendwa kinatosha kulitoa neno karamuni na kulipeleka matangani. Nimelitafakari neno hili kwa miezi kadhaa kwa sababu ambayo baadhi ya wasomaji huenda wakaiona ni ya kitoto: katika kipindi hicho nimemaliza michezo mitatu ya video, mmoja wa kale na miwili iliyoundwa baadaye kwa mtindo wa kale. Ule wa kale ni The Legend of Zelda: Link's Awakening wa mwaka 1993, katika umbo lake la kwanza la Game Boy. Ile miwili ni Shovel Knight wa mwaka 2014 na Undertale wa mwaka 2015. Nitaihakiki kama tunavyohakiki riwaya au tamthiliya, kwa kuitazama fani na maudhui yake, na swali langu ni moja: mtu anayeurudia ulimwengu wa kale anaufanyia nini ulimwengu huo?

Yafaa kwanza nieleze ninaposimama. Sisi tuliokulia Tanga katika miaka ya 1990 hatukuzoea kumaliza. Mashine iliyokuwa mtaani kwetu ilikuwa nakala ya ile ya Nintendo, imetengenezwa Asia na kuuzwa bila jina la mwenyewe. Kaseti yake ilijigamba kwamba ina mamia ya michezo. Ukiihesabu kwa makini ulikuta michache tu, imerudiwarudiwa kwa majina tofauti. Haikuwa na njia ya kuhifadhi mahali ulipofika. Tulicheza kwa zamu, na ukipoteza uhai pedi ilikwenda kwa mwenzako. Umeme ukikatika, sote tulirudi mwanzo. Adhana ya magharibi ikisikika, kila mtoto kwao. Hivyo sina kumbukumbu ya mwisho wa mchezo wowote. Nina kumbukumbu ya mianzo mingi, na ya shingo za watoto wenzangu zilizokingama mbele ya skrini. Wenzetu wa huku Uingereza wanapoizungumzia michezo ya kale kwa hamu, mara nyingi huzungumzia vitu walivyovimiliki na kuvimaliza. Mimi nilikuja kumaliza ukubwani, ughaibuni, peke yangu, na huenda ndiyo maana mwisho unanishtua kuliko unavyowashtua wao.

Nianze na fani. Game Boy ilikuwa na skrini ya pikseli 160 kwa 144, na vivuli vinne tu, kutoka kilichokolea hadi kilichofifia. Link's Awakening mzima, pamoja na kisiwa chake, watu wake na muziki wake, ulitosha katika kilobaiti 512. Wabunifu wake, wakiongozwa na Takashi Tezuka, hawakuchagua ufinyu huo, walipewa. Miongo miwili baadaye, wabunifu wa mtindo wa kale wanauchagua ilhali kompyuta zao zingeweza kuchora karibu chochote. Mpenzi wa ushairi wetu halioni jambo hili kuwa geni. Mtunzi wa leo anayejifunga kwa mizani 16 katika kila mshororo, na vina vya kati na vya mwisho, hashurutishwi na yeyote. Anajua kwamba mashairi huru yapo. Kwa hiyo hatuwezi kumsifu kwa sababu tu amefuata arudhi. Tunamwuliza arudhi hiyo imemwezesha kusema nini. Swali hilohilo ndilo linalopaswa kuulizwa mbele ya kila mchezo unaovaa pikseli kubwa na milio ya zamani.

Kwa kipimo cha ufundi peke yake, Shovel Knight hauna mpinzani kati ya mitatu hii. Uliundwa na Yacht Club Games, kampuni ndogo ya Marekani iliyochangisha zaidi ya dola 300,000 kutoka kwa umma mwaka 2013. Waundaji wake walieleza hadharani ni masharti gani ya mashine ya kale ya Nintendo waliyoyatii na yapi waliyoyavunja. Mashine ile haikuweza kuonyesha zaidi ya vipande vinane vya picha zinazotembea katika mstari mmoja. Vikizidi, picha zilimetameta na kupotea. Wao waliuondoa mmeto huo. Waliipanua picha iendane na televisheni za leo, na wakaongeza rangi chache pale zile za asili zilipowabana. Muziki mwingi ni wa Jake Kaufman, lakini nyimbo mbili zilitungwa na Manami Matsumae, yule aliyetunga muziki wa Mega Man wa kwanza mwaka 1987. Huu ni uaminifu wa mjuzi: hakuiga kasoro, ameiga kile ambacho kumbukumbu yetu ilikiweka baada ya kuzisahau kasoro.

Na ndipo shaka yangu inapoanzia. Shovel Knight unaikumbuka zama ile jinsi jamaa wanavyomkumbuka marehemu siku ya arobaini, mema tupu. Shujaa wake, mpiganaji mwenye beleshi badala ya upanga, amempoteza mwenzi wake Shield Knight. Baada ya baadhi ya hatua hulala kando ya moto, na katika ndoto anamwona mwenzi huyo akianguka kutoka angani, naye mchezaji hukimbia kumdaka. Ndoto hizo ndizo mahali pazuri kuliko pote katika mchezo huu, kwa sababu zinakiri kwamba kilichopotea kinaumiza. Lakini msuko unayeyusha maumivu hayo. Shield Knight kumbe ndiye aliyegeuzwa kuwa mchawi mtawala kwa nguvu za hirizi. Hirizi ikishashindwa, yeye huokolewa, na baada ya orodha ya majina ya waundaji kupita, tunamwona akijikokota hadi kwenye moto na kulala kando ya shujaa aliyezimia. Kilichopotea kimerudi kizima. Nilifurahi, sikatai. Lakini nilipoizima mashine niliona kwamba sikuwa nimedaiwa chochote. Hata ukifa, sehemu ya dhahabu yako huelea mahali ulipofia, ikikusubiri uirudie. Ni mchezo unaoamini kwamba kila kilichodondoka kinaweza kuokotwa, ukiwa mwepesi wa miguu.

Link's Awakening hauamini hivyo. Unaanza kwa dhoruba inayovunja chombo cha baharia Link na kumtupa pwani ya kisiwa kiitwacho Koholint. Anazinduka katika nyumba ya msichana Marin, ambaye alimwokota ufukweni. Juu ya mlima wa kisiwa pana yai kubwa, na ndani yake amelala Samaki wa Upepo. Ili kuondoka kisiwani, Link lazima akusanye ala nane za muziki kutoka mapango manane na kumwamsha samaki huyo. Hadi hapo ni hekaya ya kawaida. Lakini mchezo ukishafika mbali, mchoro katika hekalu la kale unafichua siri: Koholint si mahali. Ni ndoto ya Samaki wa Upepo. Akiamka, kisiwa na wakazi wake wote watatoweka, Marin akiwa mmoja wao. Mchezaji amekwisha kusanya ala kadhaa. Amekwisha kula chakula cha watu hao na kucheka nao. Mchezo haumpi njia ya pili. Anaweza kuendelea au anaweza kuiweka chini mashine.

Hapa ndipo lugha yetu inapousoma mchezo huu vyema kuliko lugha ulizouzoea. Anayemwongoza Link kutoka hatua moja hadi nyingine ni bundi. Kwa mchezaji wa Ulaya bundi ni alama ya hekima, na maneno yake hupokelewa kama ya mwalimu. Kwetu pwani bundi akilia juu ya paa watu humfukuza, kwa kuwa husadikiwa kuwa analeta habari za kifo. Nilicheza mchezo mzima nikimshuku ndege yule, na mchezo ukanipa haki. Baada ya siri kufichuka, yeye ndiye anayetokea kuipoza, akidai kwamba hakuna ajuaye ukweli ila Samaki mwenyewe. Mwishoni inadhihirika kwamba alikuwa sehemu ya roho ya samaki huyo, mlinzi wa ndoto. Hakuwa mwongo kamili, wala hakuwa mshauri asiye na maslahi. Alikuwa akitangaza msiba tangu siku ya kwanza, kwa adabu.

Mtu anaweza kupinga kwamba ninaongeza uzito usiokuwepo. Mchezo wenyewe unasema madubwana wanaotawala mapango ni majinamizi yaliyomzuia samaki asiamke. Kwa hiyo kumwamsha ni kuondoa dhuluma. Ni kweli. Lakini majinamizi hayo nayo yana hoja. Baadhi yao, kabla au baada ya kushindwa, humwonya Link kwamba anakiangamiza kisiwa pamoja nao. Wanajitetea wao wenyewe, na katika kujitetea wanawatetea wavuvi na watoto wasiojua lolote. Kinaya hiki, cha wabaya kuwa mawakili wa wema, kimejengwa katika skrini ndogo kuliko kiganja na kwa sentensi chache mno. Sidhani kingepata nguvu zaidi kwa picha za kifahari. Toleo lililoundwa upya mwaka 2019 linakipamba kisiwa kama vitu vya kuchezea vilivyopangwa juu ya meza, na linapendeza sana. Hata hivyo, mbele ya vivuli vinne vya mwaka 1993 mchezaji analazimika kuujaza uso wa Marin kwa kumbukumbu za nyuso anazozijua yeye. Ukimjaza mtu kwa kumbukumbu zako, hasara ya kumpoteza inakuwa yako.

Marin ndiye kiini cha hasara hiyo. Anapokaa na Link ufukweni anamweleza kwamba angekuwa shakwe angeruka kwenda mbali na kuwaimbia watu wa nchi nyingine. Ni mkazi wa ndoto mwenye ndoto ya kuondoka. Mchezo unapoisha, Link anajikuta ameshikilia kipande cha mbao katikati ya bahari tupu, na juu yake Samaki wa Upepo anapita angani. Kwa mchezaji aliyefika mwisho bila kufa hata mara moja, ishara fupi huongezwa: Marin ameota mbawa. Kiswahili kinatupa hapa zawadi isiyotafutwa, kwani kuota mbawa na kuota ndoto ni kitenzi kimoja. Wengine wote wa Koholint hawakupata hata ishara.

Nimeukumbuka hapo msemo wa mabaharia wetu, mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Tunautumia kumliwaza na pia kumwonya anayesafiri: tembea utakavyo, utarudi palepale. Lakini msemo huo unachukua kwamba jahazi lingali zima. Link's Awakening unaanza chombo kikiwa kimevunjika na unaisha mahali palepale, majini, bila tezi, bila omo, bila ngama. Alichobaki nacho Link ni kukumbuka tu. Na hata kumbukumbu ina mwili: kaseti ya mchezo huu ilikuwa na betri ndogo ndani yake iliyohifadhi mahali ulipofika, na betri hiyo ikifa, kila ulichokihifadhi hufutika.

Undertale umetungwa na mtu aliyeyajua haya yote. Toby Fox, mtunzi wake, alikulia katika jumuiya ya wapenzi wa EarthBound, mchezo wa Super Nintendo uliotoka Japani mwaka 1994, na kazi yake inaonyesha ulezi huo katika michoro, muziki na ucheshi. Mtoto anatumbukia chini ya ardhi, mahali ambapo viumbe wa ajabu walifungiwa baada ya vita na wanadamu. Kila anapokutana na kiumbe anaweza kumpiga au kumsamehe. Wa kwanza kumpokea ni Toriel, mama mlezi mwenye sura ya mbuzi, ambaye anamwandalia kitanda na chakula kisha anaziba njia ya kutokea, kwa hofu kwamba mtoto huyo akienda mbele atauawa.

Wachezaji wengi humwua Toriel bila kukusudia. Michezo ya kale imewafundisha kwamba adui hudhoofishwa kwanza, ndipo akasalimu amri. Wanampiga kidogo kidogo, na pigo moja linakuwa kubwa kuliko walivyotarajia. Nami nilimwua. Nikafanya ambalo kila mchezaji hulifanya: nikaizima programu, nikairudisha mahali nilipohifadhi, nikaanza tena, nikamsamehe. Ndipo kiumbe kidogo kiitwacho Flowey, ua lenye uso, kikatokea kunicheka. Kilijua kwamba nilimwua kisha nikarudi nyuma kwa kuwa nilijuta. Katika miaka yote ya kucheza, sikuwahi kukutana na mchezo uliokataa kusahau. Link's Awakening uligusa jambo hili kwa mzaha: ukiiba dukani, jina lako hubadilishwa kuwa mwizi, na ukirudi dukani mwenye duka hukuua. Undertale umeuchukua mzaha ule na kuufanya kuwa dhamira.

Mchezo huu una njia ambayo mchezaji humwua kila kiumbe anayeweza kuuawa. Wengi huifuata bila chuki yoyote. Wanataka kuona kila sehemu ya mchezo, kwa kuwa wanaupenda. Hapa kumaliza na kummaliza vinakuwa tendo moja, na Undertale unalihukumu. Anayeifuata njia hiyo hadi mwisho hukuta giza tupu, na ili ulimwengu urejeshwe hana budi kuitoa roho yake. Akirudi baadaye kutafuta mwisho mwema, mwisho huo unatiwa doa, na doa hilo haliondoki kwa kuanza upya. Kwa upande wa pili, aliyewasamehe wote huwatoa viumbe hao chini ya ardhi hadi kwenye jua. Akiufungua mchezo tena, Flowey humwomba awaache. Wana furaha, anasema, wana maisha yao. Ukianza upya utawanyang'anya. Mimi niliufuta mchezo huo kutoka kwenye kompyuta yangu usiku huohuo. Sijaurudia.

Kasoro zake zipo. Ucheshi wake mara nyingine huchosha, na baadhi ya mapambano yake yanampa mchezaji kazi kubwa ya vidole kwa faida ndogo ya maana. Mtu pia anaweza kulalamika kwamba mchezo unamwekea mchezaji mtego kisha unamkaripia kwa kunasa. Lalamiko hilo lina ukweli kwa njia ya mauaji, kwani bila mtunzi kuijenga njia hiyo hakuna ambaye angeipita. Halina ukweli kwa ombi la Flowey. Ombi lile haliadhibu. Linamwachia mchezaji uamuzi, na mchezaji akilikataa, ulimwengu utaanza upya kwa utiifu kama siku zote. Ni yeye peke yake atakayejua alichokifanya, yeye na kompyuta yake.

Ukiipanga michezo hii mitatu pamoja, unaona majibu matatu kwa swali nililoanza nalo. Shovel Knight unasema kwamba ya kale yanaweza kurudishwa yakiwa bora kuliko yalivyokuwa. Link's Awakening unasema kwamba kuyafikia hadi mwisho ni kuyapoteza. Undertale unasema kwamba yaliyomo humo yana haki ya kuendelea bila sisi. Jibu la kwanza linafurahisha, na soko la michezo ya mtindo wa kale limelipenda. Nimecheza kazi nyingi zinazoliiga bila ujuzi wa Yacht Club Games, na nyingi hazikuacha kitu moyoni. Majibu mawili ya mwisho ndiyo yanayoufanya ufinyu wa fani uwe na kazi. Nadhani hicho ndicho kipimo cha kuutofautisha urudi wenye maana na pambo: je, anayerudi anadaiwa chochote?

Tunaoishi mbali na kwetu hatuwezi kulisikia swali hilo kama la michezo pekee. Kila mmoja wetu anatembea na mji uliolala kichwani, wenye watu walioachwa katika umri fulani. Mwaka jana nilikwenda Tanga na kumtembelea yule ambaye nyumbani kwao ndiko ilikokuwa mashine yetu. Nilimweleza habari za kaseti, za zamu, za umeme. Alinisikiliza kwa heshima, akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Kaka, mimi hata siikumbuki." Alitaka tuzungumzie ada ya shule ya binti yake na bei ya vipuri anavyouza. Kwa nusu saa ya kwanza niliona kama kwamba ameninyang'anya kitu. Baadaye nilielewa kwamba mimi ndiye niliyekuwa nikimwanzisha upya, nikimrudisha kwa nguvu kwenye sakafu ile, na pedi mkononi. Tukazungumzia vipuri na ada mpaka adhana ya magharibi, kisha tukatoka pamoja.